Upande wa Jua kwenye Waya

Veronika amekufa kule Kindu. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kuniambia. Alikaa kwenye kiti changu cha nje, kofia mkononi, akingoja nilie. Nililia. Veronika tulicheza naye, tulitafuna muwa mmoja tukipokezana, na siku walipohama kambini nilimkalia matanga kama ndugu. Lakini mimi ni mtu mzima sasa, meno niliyobakiza ni ya kushikia maneno tu, sina wa kumwogopa, kwa hiyo niseme sawasawa. Veronika nimemlilia. Mama yake, bado.

Yule kijana alipokuwa akieleza habari za maziko, pua yangu haikuwa pale. Ilikuwa inasikia nguo. Nguo iliyofuliwa vizuri kwa sabuni, halafu ikakaukia kivulini. Wenzangu mliolelewa kwenye kambi za Leta, yaani serikali, wakati ilipokuwa ya Wabeleji, harufu hiyo mnaijua. Si uchafu, si kuoza. Ni kama chungu kilichofunikwa kabla hakijakauka ndani. Hata leo nikiisikia kwenye shuka ya mtu, ninamwangalia mwenye shuka mara mbili.

Mimi sikusoma sana. Nilikaa kidogo kwa masista, nikajua kuandika, halafu nikatolewa ili nibebe mtoto mgongoni. Lakini majina siyapotezi. Uwanja wetu wa Kasongo ninaweza kuupita mlango kwa mlango mpaka leo. Kambi ilikuwa nyuma ya magazini, ghala la pamba, nyumba za matofali, na kila nyumba nne zilitazamana na uwanja mmoja wa udongo mwekundu. Mlango wa kwanza alikaa kapita Mulenda, msimamizi wa wafanyakazi, na mke wake Mama Veronika. Mlango wa pili ni sisi: baba yangu Yuma, mwashi, mtu wa Wamaza; mama yangu, binti wa fundi cherehani wa Nyangwe, aliyeitwa Mama Feza kwa sababu Feza ndiye mimi. Mlango wa tatu Saleh, planto, tarishi wa ofisi, na mke wake Mama Mwajuma, ambaye neno likiingia mdomoni mwake lilikuwa limekwisha kutoka. Mlango wa nne Kitenge, dereva wa lori, asiye na mke, aliyejifulia mwenyewe na kuvaa nguo ikiwa bado mbichi.

Kwa milango yote hiyo Leta ilitupatia waya moja ya kuanikia. Kulikuwa na Mzungu wa usafi aliyepita kukagua kambi, na yeye hakutaka kuona nguo juu ya paa, wala juu ya ua, wala juu ya majani. Kila nguo kwenye waya. Waya ile ilianzia kwenye nguzo iliyokuwa karibu na mlango wa kapita, ikakata uwanja, ikaishia kwenye mvokado, mti mkubwa wa parachichi, uliokuwa upande wetu. Upande wa kapita ulikuwa na jua toka asubuhi mpaka alasiri. Upande wa mvokado haukuwa na jua hata saa sita, na kwa kuwa waya ilikuwa imelegea kule, nguo zilishuka zikagusa majani ya chini.

Baba alisema waya ni ya wote. Mama Veronika alisema hajakataa, waya ni ya wote, lakini jua si la wote.

Alikuwa na namna yake. Alitoka na beseni kiunoni, akasimama, akaitazama waya kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akiona nguo zetu ziko kwenye jua, hakugomba. Alizisukuma. Alizikusanya kwa mkono mmoja na kuziburuta juu ya waya, zikiwa bado zinatiririka maji, kama mtu anayefukuza mbuzi barabarani, mpaka zikaingia chini ya mvokado. Zisizotaka kuteleza alizivua na kuziweka kwenye majani. Halafu alipangusa vidole vyake kwenye kiuno, kidole kwa kidole, ndipo akaanza kuanika za kwake.

"Mama Veronika, zile nimeanika mimi kwanza," mama alimwambia siku moja.

"Nimeziona. Sikuziiba. Ziko pale."

"Pale iko kivuli."

"Kivuli iko na upepo, zitakauka. Bwana yangu anasimama mbele ya Wazungu kila asubuhi, Mama Feza. Wako anasimama mbele ya matofali. Tofali haiangalie shati ya mutu."

Mama Mwajuma alicheka nyumbani kwake, nikamsikia. Mama yangu alichukua beseni lake akaingia ndani. Mimi mtoto niliona aibu kwa ajili yake, na aibu ya mtoto kwa ajili ya mama yake ni kitu kinachokaa mwilini muda mrefu kuliko ndui.

Sasa msikie kwa nini sicheki. Mwaka ule mama alimzaa Ramazani. Kabla ya Ramazani alikuwa amemzika Zaina, halafu akamzika Asumani, wote wakiwa bado wananyonya. Shangazi Mwanvua, dada yake baba, alikuja kutoka Wamaza kumtazama mtoto. Alimshika, akampandisha na kumshusha mikononi kama anayepima uzito wa kuku, akasema mbele ya mama yangu, "Huyu naye akienda, ndugu yangu tutamutafutia mwanamuke mwingine. Hatuwezi kuzaa kwa ajili ya udongo." Baba alitazama miguu yake. Mama alimpokea mtoto wake. Nami nilielewa jambo moja tu, kwamba Ramazani akifa mama atarudishwa Nyangwe, na mimi nitabaki kumwita mama mtu nisiyemjua. Kwa hiyo nilimbeba mtoto yule kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Akipiga chafya, moyo wangu unasimama.

Na mtoto mchanga ni nguo. Matambara yake mama aliyakata kutoka kwenye mashati ya baba yaliyochakaa, akafua kila siku, na kila siku yalisukumwa chini ya mvokado. Yalikauka polepole, yakiwa na ile harufu. Mama alikuwa na pasi ya makaa, pasi nzuri ya chuma yenye jogoo kwenye mfuniko, baba yake alimpa alipoolewa. Ilikuwa pasi pekee katika uwanja wetu, na Mama Veronika aliiazima kila Jumamosi kwa ajili ya kaputula nyeupe za kapita. Lakini mama aliitumia kwa shati la kazi la baba na kanzu ya Ijumaa. Tambara la mtoto nani anapiga pasi?

Majipu yalianza mgongoni. Moja, halafu jingine kwenye tako, halafu yakawa kama mtu amempanda mtoto mahindi chini ya ngozi. Kila jipu lilikuwa na tundu dogo katikati, kama jicho la sindano, na ndani ya tundu kulikuwa na kitu kinachotoa maji. Ramazani alilia mpaka sauti ikaisha, akabaki kufungua mdomo tu. Akaacha kunyonya vizuri.

Mimi nilijua sababu. Mtoto anayekaa nyumbani anaona mambo, na mimi nilikuwa nimemwona Mama Veronika akishika matambara yetu, na nilikuwa nimeona anavyopangusa vidole baada ya kuyashika. Kwa nini mtu apanguse vidole baada ya kushika kitu safi? Nikaona kwamba hapangusi, anapaka. Ana kitu kwenye vidole anachokipaka kwenye nguo za mtoto wetu, halafu anafuta kilichobaki. Nilimwambia mama. Mama akamwita Mama Mwajuma, wakanifanya nirudie.

"Kidole kwa kidole?" Mama Mwajuma aliuliza.

"Kidole kwa kidole."

"Yule mwanamuke yeye alizaa mara moja tu, mutoto musichana, kisha tumbo ikafunga," Mama Mwajuma alisema. "Unafikiri anafurahi kuona kijana kwako? Mama Feza, ondoa nguo ya mutoto mbele ya macho yake. Zifiche. Asizione, asizishike."

Nami hapo sikukosea mtu. Nilikosea njia tu.

Tukazificha. Nyuma ya nyumba yetu, baada ya jiko, kulikuwa na migomba iliyoota karibu karibu, na chini yake majani mafupi yenye unyevu, mahali ambapo jua halikufika tangu migomba ile ipandwe. Mama alitandaza matambara pale chini, na mimi nikawekwa kuyalinda, Mama Veronika asipite, Mzungu wa usafi asipite, kapita asipite. Nililinda kwa roho yote. Nilifukuza kuku, nilifukuza mbuzi, nilimfukuza hata Veronika aliyekuja kuniita tucheze. Nzi sikuwafukuza. Walikuwepo, wanene, wa rangi ya manjano, wanakuja kutua kwenye tambara kwa upole kama mgeni anayekaa pembeni ya mkeka. Nani anamwogopa nzi?

Ramazani akazidi kuugua. Majipu yakapanda mpaka kwenye shingo. Siku moja mama alimfunika uso kwa kitambaa asubuhi, akamfunua, akamfunika tena, na baba akasema, "Usifanye vile." Ndipo mama alipokata shauri kumpeleka dispanseri, ingawa Mama Mwajuma alimwambia kwamba ugonjwa wa mkono wa mtu hauponi kwa sindano.

Muuguzi wa dispanseri aliitwa Donati, kijana wa Kabambare, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alimlaza mtoto kifudifudi. Akachukua mafuta ya mawese kidogo kwa kidole, akaziba kile kitundu cha jipu, akangoja. Mafuta yakaanza kutetemeka. Kichwa cheupe kikatoka kutafuta hewa. Donati akaweka vidole gumba viwili, akabana, na funza mzima, mnene kama punje ya mchele iliyopikwa, akatoka akaanguka kwenye kitambaa. Mama alishika ukuta.

"Mama, nguo za mutoto unakaushia wapi?"

"Nyuma. Chini ya migomba. Nimeficha."

"Unaficha nani?"

"Macho ya watu."

"Macho ya watu haina mayai," Donati alisema, akiendelea kubana. "Iko nzi moja, ya manjano. Inapenda nguo mbichi pahali pa kivuli. Inataga mule. Mutoto akivaa, joto ya mwili inaamusha lile yai, funza anaingia ndani ya ngozi. Kausha kwenye jua kali. Kama hakuna jua, piga pasi. Piga yote, hata tambara, hata ndani ya mushono."

Alimtoa Ramazani funza wote, mmoja mmoja, na mama akawatazama wote. Hakugeuza uso.

Njiani tukirudi nilingoja aanze kulia au aanze kukimbia. Nilifikiri akifika uwanjani ataenda moja kwa moja kwa Mama Veronika na kumvuta kikwembe alichojifunga, wapigane watu waone. Hakwenda. Alitembea polepole kama mtu anayetoka sokoni na mayai. Tulipofika karibu na magazini alisimama, akanishika kidevu.

"Feza. Maneno ya Donati, usimwambie mutu."

"Hata Mama Mwajuma?"

"Kwanza Mama Mwajuma. Na Veronika zaidi ya wote."

Kuanzia siku ile pasi yetu haikupoa. Mama alipiga pasi matambara, alipiga pasi mkeka wa mtoto, alipiga pasi hata kitambaa nilichombebea. Baba aligomba juu ya makaa yanayokwisha, akazoea. Majipu yakafunga. Ramazani akarudi kunyonya kwa nguvu mpaka mama anasema yalaa kwa uchungu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kuishia hapo. Mama yangu alimshukuru Mungu, swala zote, na hakuishia hapo.

Alingoja Idi. Siku ya Idi alivaa kikwembe chake cha ndoa, cha buluu yenye maua mekundu, akatoka uwanjani na sahani ya wali kwa majirani, mlango kwa mlango, kama desturi. Kwa Mama Veronika alitoa sahani kubwa kuliko zote. Yule alipokea wali lakini macho yake yalikuwa kwenye nguo.

"Mama Feza, hii kikwembe ni mupya?"

"Ni ile ile ya ndoa yangu. Umeshaiona."

"Yangu tulinunua juzi tu dukani kwa Mugiriki, na imeshakuwa kama maji ya muchele. Unafua na nini?"

"Sabuni kama yako. Lakini yako inakaa kwenye jua."

"Na yako?"

"Yangu uliitoa kwenye jua wewe mwenyewe," mama alisema, na alisema kwa tabasamu nzuri sana. "Kivuli inalinda rangi."

Mama Veronika aliichukua ncha ya kikwembe, akaisugua kati ya vidole. Safari hii hakupangusa.

"Pale chini ya mvokado?"

"Pale ni kidogo tu. Pazuri ni kule nyuma yetu, chini ya migomba. Jua halifiki kabisa, na majani yake ni laini."

"Muzungu wa usafi je?"

"Muzungu atamuuliza kapita. Na kapita si bwana yako?"

Mama Veronika alifikiri. "Na wewe utaanika wapi?"

"Mimi nitajaribu ile jua yako. Wanasema iko na kitu kizuri."

"Chukua," alisema, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. "Chukua yote."

Nilikuwa nimembeba Ramazani mgongoni, nikatazama chini. Maneno yale nimeyarudia maisha yangu yote, nimeyageuza kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono, na sijaona uongo ndani yake. Mama hakusema uongo hata neno moja.

Jumamosi Mama Veronika alikuja kuazima pasi.

"Pasi iko kazini," mama alimwambia, na kweli ilikuwa kazini, inatoa moshi mkononi mwake.

"Nitangoja imalize."

"Haimalizi leo. Niko na nguo za mutoto."

"Tangu lini mutu anapiga pasi tambara ya mutoto?"

"Tangu nipate akili," mama alisema, akapindua tambara upande wa pili.

Kwa hiyo kapita akavaa kaputula zake bila pasi, zimekunjwa kwa mkono tu, zikiwa na rangi safi na ile harufu.

Nyinyi mnaosoma mnangoja. Sisi pia tulingoja, mama na mimi, na kungoja kule kulikuwa kutamu kuliko sukari ya Idi. Asubuhi moja wafanyakazi walipopangwa uwanjani kuitwa majina, kapita alisimama mbele yao mkono mmoja ukiwa nyuma. Hakuutoa. Kesho yake mikono yote miwili ilikuwa nyuma. Baadaye mchana alipokuja kula hakukaa kwenye kiti chake cha barazani, alikula amesimama na sahani mkononi kama askari wa zamu. Kitenge dereva, ambaye hakuna kitu kilichompita, alimvutia kiti.

"Kapita, kaa. Kiti iko bure."

"Nimesimama."

"Naona umesimama. Ninasema kaa."

"Kitenge, kazi yako ni lori."

"Ndiyo vile, kapita. Na ndani ya lori sisi tunakaa."

Mama Mwajuma alilipata hilo, na kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa inamwita Kapita Simama. Mke wake alimwambia aende dispanseri. Tulimsikia akikataa hata ng'ambo ya uwanja: hawezi kulala kifudifudi, kaputula chini, mbele ya kijana kama Donati, halafu kesho amwamrishe mtu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Mikono yake ilisimama, akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta.

Halafu Veronika. Tulikuwa tunaruka kamba, akasema hawezi tena, nguo inamuuma. Akanigeuzia mgongo, akafungua kifungo. "Feza, niangalie. Kuna nini?" Niliyaona. Tundu dogo katikati, kama jicho la sindano. Veronika alikuwa rafiki yangu na ngozi yake ilikuwa inawaka chini ya kidole changu.

"Ni majipu tu," nilisema.

Nikaenda kumwambia mama. Aliniuliza nimemjibu nini, nikamwambia. Akatazama mlango wa kwanza.

"Mutoto hakuninyima jua," alisema. "Lakini mama yake iko na miguu. Aje aulize."

Hakuja kuuliza. Alikuja kugomba. Alisimama katikati ya uwanja, mchana, kila mtu nje, akafungua kikwembe na kukifunga upya kama afanyavyo mtu anayetaka vita.

"Mama Feza, toka. Umeweka nini kwenye nguo zetu?"

Mama alitoka na Ramazani kwenye nyonga, mnene, anang'aa mafuta.

"Mimi?"

"Wewe. Ulinionyesha ile pahali. Bwana yangu hawezi kukaa, mutoto wangu hawezi kulala. Watu wa Nyangwe tunawajua, na dawa zenu."

"Nguo yako niligusa?"

Mama Veronika akakaza fundo la kikwembe.

"Uliniona nikiisukuma? Uliniona nikiivua, nikiitupa kwenye majani? Mama Mwajuma, wewe uliniona?"

"Mimi sikuona kitu," Mama Mwajuma alisema, akiwa amekaa mlangoni na dengu zake, na hiyo ni mara moja tu katika maisha yake hakuona kitu.

"Basi," mama alisema. "Mutoto wangu mimi alipokuwa anakufa, nani ulinisikia nikimwita muchawi hapa uwanjani? Nilimeza. Na wewe meza."

Akaingia. Sitawadanganya, usiku ule nililala usingizi mzuri.

Siku zilizofuata Veronika hakutoka. Tulisikia kilio chake mchana kucha, kilio kidogo kidogo, kama mlango unaokosa mafuta. Baba akasema, "Mama Feza, sasa." Mama akasema, "Bado hajauliza." Nilimtazama uso, nikaona kwamba naye kile kilio kinamkata, maana alikuwa anakijua, lakini alikuwa amekaa juu yake kama mtu anayekaa juu ya sanduku lisifunguke.

Adhuhuri moja mlango ukagongwa. Nje hakukuwa na kikwembe cha vita. Mama Veronika alisimama na mtoto wake mikononi, mkubwa asiyefaa tena kubebwa, miguu inaning'inia.

"Mama Feza. Nisaidie mutoto."

"Ingia."

Akaingia. Mama hakumpa kiti. Alitandika mkeka, akamlaza Veronika, akaniita nilete mafuta ya mawese. Alifanya kama Donati alivyofanya: akapaka, akangoja, akabana. Veronika alinishika mkono, akanifinya kwa kucha. Mama alimwita "binti yangu", alimwita "mama yangu", alimwimbia kama alivyomwimbia Ramazani. Mkono wa mama haukumwonyesha Veronika chuki hata kidogo.

Kisha mama akamgeukia yule mwingine.

"Lete mukono."

Mama Veronika akanyoosha mkono. Mama akaweka wale funza kwenye kiganja chake, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wanacheza.

"Usitupe. Shika, uwaone. Hawa ndio walikuwa ndani ya mwanangu. Wengi kuliko hawa. Kila moja ulimsukumia wewe, kwa huu mukono, ukitafuta jua ya kaputula."

"Sikujua, Mama Feza. Naapa kwa Mungu, sikujua."

"Hata mimi sikujua, na niliambiwa nitarudishwa kwetu."

Yule mwanamke akaanza kulia akiwa ameshika kiganja wazi, hajui awatupe wapi waliomo. Mama akamweleza yote, nzi, kivuli, jua, pasi, hakuficha kitu. Akamjazia kikombe cha mawese.

"Hii ni ya bwana yako. Yule utamukamua mwenyewe."

"Na pasi, utaniazima?"

"Jumamosi. Ukimaliza kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Kesho asubuhi utaiona."

Kesho yake asubuhi mama alifua mapema. Alileta beseni kubwa, akaliweka chini ya waya, upande wa kapita, mahali jua lilikuwa limeanza kupiga. Halafu akachukua kile kiti cha barazani cha kapita mwenyewe, maana kapita alikuwa bado hakihitaji, akakaa, akampakata Ramazani. Watu walitoka. Saleh alichelewa ofisini kwa makusudi. Kitenge aliinua kichwa kutoka kwenye injini ya lori.

Mama Veronika alitoka nyumbani kwake. Alisimama kidogo mbele ya beseni letu. Akainama. Akachukua tambara la kwanza la ndugu yangu, akalikung'uta, akalianika. Akachukua la pili. Hakuna aliyecheka, hata Mama Mwajuma. Ilikuwa kubwa kuliko kicheko. Alianika yote, kipande kwa kipande, mpaka beseni likabaki na maji tu, akasimama na mikono mitupu pembeni, akingoja kuambiwa aende.

Mama aliitazama waya toka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka. Akanyoosha kidole.

"Ile ya mwisho, isogeze huku. Kivuli imeigusa."